Ule Utepe Haukuwa wa Nywele

Kaeni nikwambieni, nyinyi vijana mnaoingia kazi za maghala ya makumbusho hapa London, na nyinyi wajukuu zangu ambao nikikusemesheni Kiswahili mnanijibu Kiingereza. Mie nimeshastaafu. Pensheni yangu naipata, magoti yananiuma, na hakuna bosi wa kuniita ofisini. Kwa hiyo nitasema. Nimekasirika, nimekasirika muda mrefu, na daktari anayenipima presha anajua sababu.

Nimefanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye ghala la makumbusho moja hapa mjini. Jina lake silitaji, msinipeleke mahakamani. Ghala lilikuwa chini ya ardhi, halina dirisha, na kazi yetu ilikuwa kuvifungasha vitu vya kale, kuvihamisha na kuvitengenezea mahali pa kulala. Mimi upande wangu ulikuwa vitu vya makaburi ya Wagiriki wa kale. Wataalamu wenye shahada zao walikaa juu, kwenye madirisha. Sisi tukiitwa wa chini. "Waambie wa chini walete." "Waulize wa chini kiko wapi." Miaka yote hiyo, watu wazima na akili zetu, wa chini!

Ninachokidai ni kitu kidogo. Nilimuahidi mtu kwamba jina la Bi Eleni litaandikwa kwenye kikaratasi kilicho pembeni ya utepe mmoja wa dhahabu, kwa sababu aliyofanya ni yake na mwengine asimchukulie. Hicho tu. Sikilizeni kilivyonisumbua.

Bi Eleni ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mgiriki wa Saiprasi, mfupi, mnene, sauti yake ukiisikia ghala zima. Akikaa mtaa wa Tottenham, mie Barking, na tukisemezana Kiingereza kibovu ambacho sote wawili tulikielewa vizuri kabisa. Kabla hujanyanyua kitu, akiniambia, tazama kwanza utakapokiweka. Usikishike chombo kwa mkono wake, maana huo mkono ulishavunjika zamani na kuna mtu aliugundisha kwa gundi ya ovyo kabla bibi yako hajazaliwa. Vua pete, vua bangili, kitambulisho kitupe mgongoni. Zile glavu nyeupe za pamba mnazoziona kwenye televisheni ni za kupigia picha. Chombo cha udongo kilichong'arishwa ukikishika nazo kinateleza. Kosha mikono, kausha, shika kwa mikono miwili. Na ukimpokeza mwenzio, usiachie mpaka aseme "ninao". Asiitikie kwa kichwa. Aseme kwa mdomo.

Wiki yangu ya pili nilipewa vichupa vyeupe vya mafuta, virefu na vyembamba, vimechorwa mwanamke kasimama mbele ya kaburi na kikapu cha riboni. Hivi Wagiriki wa kale wakivitia mafuta na kumwekea maiti wao kaburini. Nikaambiwa nipanguse vumbi la ndani kwa kijiti chenye pamba. Nikaingiza kijiti, kikaenda kidogo tu, kikagota. Nikasema, ah, udongo wa Ugiriki huu, umegandamana. Nikasukuma. Nikasukuma tena, nikaanza kuzungusha. Bi Eleni aliruka kutoka upande wa pili wa meza akanidaka kiwiko.

"We mwanamke! Unataka tufukuzwe kazi sote?"

"Kuna udongo ndani."

"Hakuna udongo. Kuna ujanja."

Akanionyesha picha ya eksirei ya kichupa kile. Kumbe ndani, chini ya shingo, mfinyanzi aliweka kikombe kidogo cha siri. Jamaa wa maiti wanatia mafuta vijiko viwili, kichupa kinajaa mpaka mdomoni, majirani wanaona hawa watu wamempa marehemu wao mafuta tele. Huku chini kote kutupu! Hasira zikanipanda palepale. Nikasema hawa watu hawana haya, wanampunja hata aliyekufa, na wao wenyewe wanaamini kwamba anakokwenda ni giza, ana kiu, hana nguvu, anangoja kukumbukwa na walio hai. Bi Eleni akanitazama chini ya miwani. "Na kwenu hujamuona mtu akanunua sanda ya rahisi na biriani ya ghali?" Nimewaona, tena wengi.

Basi ndivyo tulivyokuwa. Siku moja alileta kantini bakuli la ngano ya kuchemsha, ina sukari, lozi, zabibu na komamanga. Koliva, akasema, leo ni arubaini ya mume wangu. Nikaacha kijiko. Arubaini? Nyinyi nanyi mna arubaini? Nikamhadithia hitma zetu, akanihadithia kwamba hata wale wa kale walikuwa na siku ya kupika nafaka zote kwenye chungu kimoja, siku ambayo waliamini roho za wafu zinapanda mjini kuwatembelea watu. Watu wakipaka lami milangoni zisiingie ndani, na jioni ikifika wakizipigia kelele: haya, tokeni, sikukuu imekwisha! Nilicheka mpaka machozi. Hata mgeni wa kuzimu anapewa saa ya kuondoka.

Na kulikuwa na kijikaratasi cha dhahabu, kidogo kuliko kidole gumba, kilichotoka kwenye kaburi lao. Dk Julian, mtaalamu wetu mkuu wa vitu vya Kigiriki, alikuwa anakieleza kwa wageni wake nami nimelishika sinia lake. Akasema maandishi yale ni maelekezo kwa maiti: huko kuzimu utakuta chemchemi, ile ya mwanzo usinywe, pita uende kwenye maji ya kumbukumbu, na walinzi wakikuuliza u nani, jibu hivi na hivi. Mie nikapayuka, "Hii si talkini hii!" Nikawaeleza kwamba na sisi, maiti akishazikwa, shekhe anakaa kaburini anamfundisha majibu ya maswali atakayoulizwa na malaika. Dk Julian akatabasamu, lile tabasamu la kumtabasamia mtoto aliyeonyesha mchoro wake, halafu akawageukia wageni akaendelea. Tabasamu lile likumbukeni, maana ndilo lililotuharibia.

Sasa niwaambieni kitu ambacho kazini walikijua wachache. Jumamosi zangu nilikuwa nakosha maiti wa kike kwenye msikiti mmoja wa mashariki ya London. Kazi hii nilifundishwa kwetu Wete na mama yangu nikiwa na miaka kumi na saba. Mtu akishakata roho, kabla ya maji, kabla ya kafuri na sanda, unamfumba macho na unamfunga taya. Unachukua kitambaa, katikati yake kinapakata kidevu, ncha unazipandisha mbele ya masikio na unazifunga utosini. Ukichelewa, mwili unakakamaa na mdomo unabaki wazi, na watu wake watakuja kumuaga hivyo. Mikono yangu imeshafunga taya nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Ikawa makabati ya vito ya ghorofa ya juu yanatengenezwa, vito vyote vikateremshwa kwetu. Ndani mlikuwa na utepe wa dhahabu nyembamba, umetoka kaburi la mwanamke. Lebo imeandikwa: utepe wa nywele wa mwanamke wa daraja la juu. Nikaushika kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, na mikono ikaujua kabla yangu. Katikati umetanuka na umebonyea kidogo, pande zote mbili unakwenda ukipungua, nchani una matundu ya kupitishia uzi. Ukiuweka kwenye paji la uso haukai, unapwaya. Mrefu mno. Lakini ukiupima kuanzia kidevuni, kupita masikio, mpaka utosini, unafika sawasawa.

"Bi Eleni," nikasema, "huu si wa nywele. Huu umemfunga mtu taya."

Alikuja akautazama, akapiga ishara ya msalaba. Akasema bibi yake kijijini akiwafunga hivyo kwa leso. Kisha akatoka mbio kwenye rafu, yeye na miguu yake mibovu, akarudi na chungu kikubwa ambacho tulishakihamisha mara nyingi bila ya kukitazama. Chungu kimechorwa maiti amelazwa kitandani, wanawake wamemzunguka wanajivuta nywele. Na usoni kwa maiti, kutoka kidevuni hadi utosini, mstari. Utepe! Mimi nilijua kwa mkono, yeye alikumbuka chungu. Tulikumbatiana pale chini, mbele ya mabibi wa kwenye chungu waliokufa maelfu ya miaka nyuma, tukicheka kama tumeokota lulu.

Tukapanda juu. Yeye ndiye aliyesema, maana Kigiriki ni chake, na wafu ni wa kwao. Dk Julian alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, hakukiweka. Alisikiliza, akatazama saa, akasema inapendeza sana mabibi, lakini mila za nyumbani si ushahidi, na utepe huu umeshaelezwa na profesa mkubwa kwamba ni wa nywele. Bi Eleni akamwambia, "Njoo ukione chungu." Akasema atakuja. Hakuja.

Mila za nyumbani! Nyie, mtu amesoma miaka yote hiyo namna watu walivyozika wafu wao, na hajawahi kumgusa maiti hata mmoja. Anaambiwa na anayewagusa kila wiki, anasema si ushahidi!

Bi Eleni aliteremka uso umemwiva. Zamani kila kitu kilikuwa na kadi yake kwenye droo. Akaitoa kadi ya utepe, akachukua penseli, maana kadi haziandikwi wino, akaandika kwamba utepe ni wa taya, chungu cha ushahidi ni hiki hapa na namba yake, akatia jina na tarehe. Akafunga droo kwa nguvu. "Mmoja ataisoma," akasema.

Hakuna aliyeisoma. Zikaja kompyuta. Ikaletwa kampuni ya kunakili kadi, vijana wanalipwa kwa idadi, wakaambiwa wanakili yaliyopigwa chapa tu. Ya penseli wakayaacha. Zikatoka amri kadi zikatupwe, tunahitaji nafasi. Na aliyezitia kadi zile kwenye magunia, akazifunga kamba, akasaini fomu ya kwenda kusagwa, ni mie. Mkono huu huu. Nikasifiwa kwa kumaliza kabla ya wakati. Bi Eleni wakati huo alishastaafu, hakuwepo wa kunizuia, na mie wala sikufikiri. Nilikuwa mfanyakazi mzuri, na mfanyakazi mzuri ndiye anayetumiwa kuyazika ya wenzake. Hili sijajisamehe.

Halafu Bi Eleni akaugua. Asubuhi moja akanipigia binti yake, Maria. "Mama amefariki. Sijui nifanye nini, wa mazishi wanakuja mchana." Nilibadilisha treni nikachukua ya laini ya Victoria mpaka Tottenham, nikapanda ngazi za fleti yao sijui kwa miguu gani. Nilimkuta kitandani mdomo wazi, na Maria kakaa pembeni anatazama ukuta asimtazame mama yake.

Nikamuuliza, "Unaniruhusu nimguse?" Akaitikia. Nikamfumba macho. Nikaomba foronya safi, nikaichana utepe mpana. Nikampakata kidevu, nikapandisha ncha mbele ya masikio, nikafunga utosini. Yeye Mkristo, mie Muislamu, na wapo watakaonuna wakisoma hapa. Wanune. Nilimfunga rafiki yangu taya asikutwe na wageni mdomo wazi, basi.

Maria sasa akaweza kumtazama. Akaniuliza, "Hivi ndivyo ule utepe wa dhahabu ulivyokuwa?"

"Kumbe unaujua?"

"Wiki iliyopita alikuwa bado anausema. Alisema iko siku wataandika kwamba yeye ndiye aliyeona."

Nikamwambia wataandika. Nilisema mbele ya maiti, na ahadi ya namna hiyo haina kujitoa.

Mie nikastaafu. Miaka ikapita, ikaja barua ya mwaliko kwa waliokuwa wafanyakazi: maonyesho mapya ya namna Wagiriki wa kale walivyoamini kuhusu kifo na safari ya kuzimu. Nikavaa vizuri, nikajitanda mtandio wangu wa hariri, nikaenda. Vyote vilikuwepo, wanangu, vitu vyangu vyote. Sarafu za kumlipa mzee wa kivuko cha kuzimu, walizowatia wafu mdomoni. Vichupa vyangu vyeupe, na picha ya eksirei pembeni. Na katikati ya ukumbi, peke yake chini ya taa, utepe, umewekwa juu ya kidevu cha kioo. Kidevu! Nikacheka peke yangu. Nikasogea kusoma. Utepe wa kufungia taya ya marehemu. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa nywele, mpaka ulipotambuliwa upya na Dk Julian katika makala yake.

Nilisoma mara tatu. Nikavua miwani nikaifuta nikasoma tena.

Akapanda jukwaani kuhutubia. Akasema siku moja, akipitia vitu vya ghalani, alivutiwa na chungu kimoja, na hapo ndipo wazo likamjia. Likamjia! Watu wakapiga makofi. Akauliza kama kuna maswali, nikanyoosha mkono, nikasimama bila ya kungoja.

"Daktari, chungu hicho nani alikuonyesha?"

"Zu! Nimefurahi sana kukuona."

"Sikukuuliza kama umefurahi. Na jina langu Zuwena. Nimekuuliza nani alikuonyesha chungu."

Akasema katika miaka mingi watu wanazungumza mengi kazini, huwezi kujua wazo lilianzia wapi. Baadaye akanifuata kwenye meza ya vinywaji, akaniuliza kwa upole, "Kuna kumbukumbu yoyote iliyoandikwa?" Nikafungua mdomo kusema kadi, nikaufunga. Kadi niliisaga mwenyewe. Nilirudi Barking nimesimama njia nzima na viti vipo.

Na mjue kitu: nadhani alikuwa amesahau kweli. Hakuwa mwizi wa kupanga. Tulimwambia, yakaingia, yakakaa, yakatoka yakiwa yake, na sisi tukadondoka njiani. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwizi angalau anajua ameiba kwa nani.

Siku kadhaa sikulala vizuri. Kisha asubuhi moja najitengenezea chai, nikaweka kikombe mezani kwa kishindo, chai ikamwagika. Kisanduku! Baada ya kukataliwa, utepe ule tuliutengenezea kitanda cha kulalia ndani ya kisanduku chake. Fomu ilisema ulazwe bapa. Bi Eleni akasema haulali bapa, hauna ubapa. Tukachonga sponji umbo la kidevu, tukauvika utepe juu yake kama ulivyovaliwa. Na kila mfungashaji akitengeneza kitanda huandika chini ya sponji jina lake na tarehe, ili likianza kuchakaa ajulikane wa kuulizwa. Wenye shahada hawajui hili, maana wao sponji hawaligeuzi.

Niliandika barua kwa mkuu wa makumbusho. Nikajibiwa kwamba imepokelewa. Nikaandika ya pili. Ya tatu nikaipeleka mwenyewe kwa basi, nikakaa mapokezi nikasema sitoki. Wakanipa miadi.

Chumba kilikuwa na mkuu, bibi mmoja mwenye adabu zake, na Dk Julian. Kisanduku kikaletwa. Dk Julian akaanza kuvaa glavu, nikamwambia, "Ziache, ni sponji tu. Ligeuze." Akaligeuza. Penseli haikufutika. Utepe wa taya, si wa nywele, limeandikwa kwa herufi za Bi Eleni, na chini majina mawili, Eleni, Zuwena, na tarehe ya miaka mingi kabla ya makala yake.

Dk Julian aliyasoma mara mbili. Masikio yakamwiva. Hatimaye akasema, "Lakini kwa nini hamkuniambia wakati ule?"

"Tulikwambia. Ulikuwa unakunywa kahawa."

Mkuu akakohoa. Akasema watarekebisha lebo, wataongeza kwamba utambuzi umefanyika kwa msaada wa wafanyakazi wa ghala. Alidhani nitashukuru. Nikasimama.

"Wafanyakazi wa ghala ndio nani?" nikamuuliza. "Kwenye ukumbi wenu huo huo mmeweka jiwe la kaburi la yaya. Huenda alikuwa mtumwa, mmeandika wenyewe. Na wale waliomlea mtoto wao kwa maziwa yake walimchonga kwenye marumaru, wakamwandika jina, wakamsifu kwamba alikuwa mwema. Watu waliomiliki watu! Wao hawakuona tabu kuchonga jina la yaya kwenye jiwe, nyinyi mnaona tabu kuliandika kwenye karatasi?"

Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Wiki mbili baadaye akanipigia msichana wa ofisi ya lebo, mpole, masikini, hana kosa lolote. Akasema lebo ina mpaka wa maneno. Jina la Dk Julian lazima libaki kwa sababu ya makala. Pamebaki pahala pa jina moja. "Unapenda liwe lipi, lako au la Bi Eleni?"

Yaani hata hapo! Walimpatia nafasi mtu aliyekataa kushuka ngazi kutazama chungu, na sisi tulioona wanatuambia tugawane.

"Andika Eleni," nikamwambia. "Jina lake lote, na la baba yake." Nikakata simu nikasugua tanuri la jikoni mpaka likang'aa. Mwanangu alipokuja jioni akasema, mama, umepigana hivyo halafu wamekuacha nje? Ndiyo, wameniacha nje, na imeniuma, na bado inaniuma. Asikudanganyeni mtu kwamba mwenye haki haumii akiikosa. Andikeni majina yenu, nyinyi. Kila kitanda, kila kadi, kila mnachokigundua, kwa herufi zinazosomeka, na nakala yake mwende nayo nyumbani. Na mkiambiwa mtupe kitu kilichoandikwa kwa mkono, kisomeni kwanza, hata kama meneja anatazama saa.

Nilikwenda na Maria siku ya kazi, watu si wengi. Alikuwa hajawahi kuingia mle ndani tangu mama yake aache kazi. Nikamwongoza mpaka kwenye kabati la katikati. Akainama, akatia kidole kwenye kioo, chini ya herufi ya kwanza, akaanza kusoma pole pole, herufi moja moja.

Mlinzi mmoja mrefu akaja kwa haraka. "Samahani, mama, tafadhali usiguse kioo."

Nikamgeukia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia miaka ishirini na tisa ndani ya jengo lile.

"Mwache asome. Ni mama yake huyo."